Mvua ya Gura Nyuma ya Nishani

Jumanne ya pili ya Oktoba, mwaka wa 1973, Watiri alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwa Mansukh, fundi saa wa Nyeri, akipiga tupa ukingo wa nishani mpya, alipoona upande wake wa nyuma umelowa. Akaupangusa kwa kitambaa. Akaendelea na tupa, akaigeuza tena, akakuta umelowa tena. Mbinguni hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa. Jua la saa nne lilikuwa limekausha mashuka ya Mansukh kwenye kamba mpaka yakawa magumu. Watiri alichungulia chini ya benchi kuona kama kuna ndoo inayovuja, akatazama viganja vyake, kisha akailaza nishani juu ya gunia akatulia. Maji yalikuwa yakianguka juu yake, matone madogo kuliko chembe za chumvi, yakianzia kama inchi mbili juu ya shaba, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Baba Monicah," akamwita Hezekiah, "hii medali inanyeshewa."

Hezekiah alikuwa akichochea makaa. Alikuja, akanyoosha kidole, kikalowa, akakifuta kwenye aproni.

"Ni ule udongo," akasema. "Sikuuchuja."

Kisha akarudi kwenye makaa yake, maana moto wa kuyeyushia shaba haumngoji mtu.

Walikuwa watatu katika kikundi chao. Lalita, bintiye Mansukh, ndiye aliyekianzisha. Alikuwa ameenda kusomea uchoraji Baroda, akarudi na wazo ambalo mji wa Nyeri haukuwa umeliomba: kwamba nishani si lazima ivaliwe kifuani, na si lazima mtu awe ameshinda mbio au amepigana vita ndipo apewe. Inaweza kuwa kitu cha kushika mkononi tu, chenye uso na kisogo, mtu akakigeuzageuza huku akifikiri. Hezekiah, aliyejifunza kuyeyusha vyuma kwenye karakana ya reli Nairobi na kurudi na ujuzi na kikohozi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na mtu akimaliza kufikiri?" akauliza.

"Anaigeuza tena," Lalita akasema.

Hezekiah aliona hiyo ni kazi isiyoisha, akajiunga siku hiyo hiyo. Watiri alifuata baada ya mwezi. Yeye alikuwa akichora vibuyu sokoni kwa ncha ya moto, na mkono wake ulikuwa haujui kutetemeka.

Kazi yao ilikwenda hivi. Lalita alichora kwenye karatasi. Watiri alichonga mchoro ule katika nta ya nyuki kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa. Hezekiah aliifunika nta kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na vumbi la makaa, akauchoma udongo mpaka nta ikayeyuka na kutoka yote, akamimina shaba mahali ilipokuwa nta. Shaba ilitoka kwenye mabomba mabovu na makufuli yaliyopoteza funguo. Kila mara alimimina nishani mbili za sura moja, kwa sababu ya kwanza hupenda kutoka na matundu. Walikuwa wamemtengenezea nishani mama mmoja aliyeuza ndizi Sagana miaka ishirini bila kumwibia mtu mizani. Walimtengenezea mpagazi wa Naro Moru aliyemteremsha mgonjwa kutoka mlimani mgongoni mwake. Waliitengenezea nishani hata barabara ya Kangema, kwa ajili ya siku moja ya masika ambayo haikumkwamisha mtu. Hakuna aliyekuwa ameziagiza hizo. Wenyewe walipopelekewa walishukuru, wakauliza zinafungulia nini.

Kikundi kilikuwa na sheria moja, nayo Lalita aliiandika kwenye kadibodi akaigongelea juu ya mivukuto: uso wa nishani ni wa aliyeagiza, kisogo ni cha mchongaji. Uso ungeweza kukataliwa, ukarekebishwa, ukapunguzwa pua. Kisogo hakikuulizwa swali.

Nishani iliyokuwa ikinyeshewa ilikuwa ya Gicheru, mwenyekiti wa ushirika mmoja wa kahawa kule ng'ambo ya Mto Gura. Uhuru ulikuwa unatimiza miaka kumi, na Gicheru alitaka wanachama wamkabidhi nishani siku ya Jamhuri, bila yeye kujua. Kwa hiyo alikuja mwenyewe kuiagiza. Alikaa mbele ya Lalita asubuhi tatu, shingo imenyooka, akaomba kidevu kipunguzwe kidogo. Kilipunguzwa. Uso ukawa mzuri.

Kwenye kisogo Watiri alichonga shamba la baba yake.

Alilichonga kwa kichwa tu, bila karatasi ya Lalita, kwa sababu alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoliona mara ya mwisho likiwa shamba lao. Aliweka mteremko unaoshuka mtoni, nyumba ya msonge, ghala, mti wa muiri, na mstari wa itoka. Itoka ni yungiyungi ambalo watu wa milima hii hulipanda mpakani, shamba na shamba, na mtu mwenye akili zake haling'oi, maana laana yake humfuata mpaka kwa wajukuu. Baba yake, Kihara, alikamatwa na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, akafia kizuizini mwaka wa 1956, na hakuna aliyekuja kusema amezikwa wapi. Mwaka wa 1958 mashamba yalipopimwa upya na kuandikwa, kamati ya mipaka ilipita ikiwaambia wenyewe wajitokeze waoneshe itoka zao. Aliyeshika kamba ya kupimia alikuwa Gicheru. Walipofika kwa Kihara akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema, "Asiyekuwepo na lake halipo," akaivuta kamba mpaka mtoni. Mama yake Watiri alikuwepo. Alikuwa amesimama hapo hapo na mtungi wa maji, lakini yeye hakuhesabiwa. Itoka waliing'oa siku ya pili, na laana, kama ilimfuata Gicheru, ilimfuata kwa mwendo wa kinyonga, kwa maana tangu hapo alinenepa.

Kuhusu udongo, Hezekiah alisema kweli. Siku zote aliutoa kwenye bwawa la Kiganjo na kuuchuja mara tatu kwa soksi ndefu ya kike. Mwezi ule ulikuwa umemwishia. Watiri alipomsindikiza mama yake kutazama shamba kutoka barabarani, kama walivyofanya kila mwezi, alijaza kiondo udongo wa ukingo wa Gura chini ya shamba, akamletea. Gicheru alikuwa akihimiza, na Hezekiah, kikohozi kikiwa kimembana, aliutumia ulivyo, na mizizi yake na vijiwe vyake na chochote kingine kilichokuwamo.

Saa saba mchana mama yake Watiri alifika na githeri ya mahindi na maharagwe kwenye mkebe. Jina lake Wacera, umri wake sabini na tatu, na alipanga chumba Majengo, hatua chache kutoka pale. Miguu yake ilikuwa imevimba, na daktari alikuwa amemwambia moyo umechoka, naye akamjibu daktari kwamba hilo si jambo jipya. Watiri alikuwa amepewa jina la mama yake Kihara, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza, kwa hiyo Wacera alimwita mkwe na kumtania ipasavyo.

"Mama mkwe, kula. Usije ukasema kwa kijana wako nakunyima chakula."

"Mama, kuja uone hii kitu kwanza."

Wacera hakuona vizuri. Lalita akaingia dukani akamletea kile kioo cheusi ambacho baba yake hukibana jichoni anapofungua saa. Wacera alikibana jichoni mwake akainama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka githeri ikaanza kupoa.

"Ametoka," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Ametoka nje." Akasogeza kioo. "Na bado amevaa ile koti. Si nilimwambia aitupe?"

Watiri alichukua kioo. Kweli, mbele ya mlango wa msonge alisimama mtu mwenye ukubwa wa punje ya wimbi, amevaa koti la kijeshi lililochanika bega, na jembe mkononi. Mtu yule alitazama juu, akaona mvua haina dalili ya kuacha, akarudi ndani. Baada ya kitambo kidogo moshi ukatoka juu ya paa. Watiri alimjua kwa jinsi alivyoinama mlangoni, bega la kushoto kwanza. Alikuwa hajamwona kwa miaka ishirini. Akampa mama yake kioo, maana zamu ilikuwa yake.

"Ua umeanguka upande wa mto," Wacera akasema. "Haoni? Wanaume wakiachwa peke yao."

Kutoka siku hiyo Wacera alishinda uani. Nishani zilikuwa mbili, na pacha yake nayo ilinyeshewa saa ile ile na kukauka saa ile ile, kwa hiyo hakumzuilia mtu kazi. Watiri alipangusa ile yake kila asubuhi, kwa sababu shaba ikikaa na maji huota kutu ya kijani.

"Ukipangusa hivyo, shamba litashika maji namna gani?" Wacera akamuuliza.

"Mama, itaoza."

"Ndio nauliza, ni medali ama ni shamba?"

Watiri akaendelea kupangusa.

Habari hazilali njaa, na wiki hiyo watu walianza kuja. Mansukh alisimama kwenye kaunta na kioo chake, akawapanga mstari, akawakataza kupumua karibu na shaba. Alikuwa na sababu. Alhamisi mtu mmoja wa Mweiga alikuwa ameinama sana akapumua, ukungu ukaufunika mteremko wote, na Kihara hakutoka nyumbani kutwa nzima. Padre alikuja, akatazama, akauliza kama marehemu alikuwa amebatizwa. Wacera akasema alibatizwa, ila jina alilopewa hakulishika. Wakulima wa ng'ambo ya Gura ndio waliofaidi zaidi. Waligundua upesi kwamba mvua ya nishani na mvua ya kwao ni moja, wakawa hawapandi gari kurudi nyumbani kabla ya kupita kwa Mansukh kuchungulia kama kahawa waliyoanika imo hatarini. Mmoja wao alimpa Kihara salamu za jirani yake. Lalita alikaa pembeni na daftari, akiandika saa Kihara anayotoka, saa anayorudi, na upande anaoanzia kulima. Alitaka kujua mambo yote. Alitaka kujua hasa anakula nini, maana kila siku moshi ulitoka, na hakuna aliyemwona akivuna.

Wacera yeye alitaka jambo moja tu, na kila mtu uani alilijua.

"Nizikwe pale," alisema, akiweka ukucha karibu na mti wa muiri bila kuugusa. "Sitaki kule kwa manispaa. Wanakupiga kijiti kina namba. Mimi si gari."

Kesi aliyokuwa amefungua kudai shamba ilikuwa imengoja miaka tisa. Mwezi wa Novemba ikafika zamu yake mbele ya Baraza la Rufaa la Mipaka, wazee watatu na karani waliokutana kwenye ukumbi mmoja mjini wenye madirisha yasiyofunguka. Watiri alimshika mama yake mkono, akaweka nishani pacha juu ya meza. Gicheru alikuwa ameketi upande wa pili katika suti ya kijivu.

Mwenyekiti wa baraza, mzee aliyeitwa Kingori, alibana kioo jichoni akatazama. Akawapa wenzake. Wakatazama kwa zamu, wakanong'ona, wakahesabu hatua kwa ncha ya kalamu kutoka muiri hadi mtoni. Hakukuwa na ubishi.

"Hiyo ni itoka ya Kihara," Kingori akasema. "Mimi nilikuwa kijana ikipandwa. Tulikunywa muratina siku hiyo."

Mlango wa msonge ukafunguka. Kihara alitoka, akashuka mpaka kwenye mstari wa itoka, akasimama, akavua kofia. Karani, kijana nadhifu aliyeitwa Simeon, akainua kalamu.

"Mzee, huyu nimuandike?"

"Yuko?"

"Yuko."

"Basi andika yuko."

Simeon akaandika kwamba Kihara, marehemu, alihudhuria, na kwamba hakusema neno. Gicheru aliombwa atazame, akatazama kwa makini, kama mtu mwenye haki.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwa mtu mzuri sana. Alikuwa na ng'ombe moja ya madoa."

Kingori aliweka kioo chini, akamgeukia Wacera kwa heshima.

"Mama, mpaka ni wako. Hapa hakuna mtu anabisha."

Wacera akafumba macho. Watiri alihisi mkono wa mama yake ukilegea ndani ya wake, na kwa kipindi cha pumzi mbili alifurahi kupita kiasi, akaona hata mahali watakapoweka mlango wa nyumba.

"Lakini kuandikishwa kwa kwanza hakuvunjwi," Kingori akaendelea. "Hiyo ndiyo sheria. Ikiwa iliandikwa kwa makosa, ni ya kwanza. Ikiwa iliandikwa kwa uwongo, bado ni ya kwanza. Mimi sikuiandika hiyo sheria, mama."

"Na huyu?" Wacera akauliza, akionyesha nishani. "Si mlisema hakuwepo? Si huyu amekuja?"

"Amekuja, ni kweli, na tumemuandika. Lakini amekuja amechelewa. Angekuja fifty-eight."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa hakuwa akifanya mzaha. Watiri alinyoosha mkono kuchukua nishani. Mzee wa tatu, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akamzuia kwa adabu.

"Ngoja kidogo, mama. Niko na kahawa imeanikwa." Akainama na kioo. "Ati, kunanyesha!" Baraza likaahirishwa kwa robo saa ili apate kumtuma mtu.

Nje, kwenye ngazi, Watiri alimfuata Gicheru. Alikuwa na hasira mpaka meno yalimuuma, lakini alikuwa ameahidi moyoni kuongea polepole.

"Chairman, hatuombi shamba. Tunaomba futi sita tu. Hapo kwa muiri."

Gicheru alisimama akafikiri. Si kwamba alijifanya kufikiri. Alipiga hesabu ya jambo lenyewe, akaligeuza, akaliangalia nyuma.

"Hapana," akasema. "Nikimpatia futi sita, kesho mtaomba njia ya kufika kwa hizo futi sita. Na mti wa muiri nilikata." Akavaa kofia. "Medali yangu itakuwa tayari tarehe kumi na mbili?"

Ilikuwa tayari. Lalita aliingia akaitazama ile kadibodi ya sheria, akauliza kama waivunje kazi yenyewe, wauyeyushe uso wa Gicheru ukawa bomba tena. Hezekiah alikataa. Alisema wakimyeyusha Gicheru watakuwa wamemyeyusha na Kihara, kwani wamepakana mgongo kwa mgongo, na shaba haichagui. Siku ya Jamhuri wanachama wakamkabidhi mwenyekiti wao nishani mbele ya shule, na mwenyekiti akashangaa vizuri sana. Aliipeleka ofisini kwake kwenye kiwanda cha kahawa, akaiweka mezani. Wiki mbili uso wake ulitazama juu. Baadaye aliigeuza, kwa sababu kisogo kilikuwa na manufaa zaidi, na msimu ule ushirika wake haukupoteza hata gunia moja kwa mvua.

Wacera alikufa Januari, Jumamosi saa sita mchana, kwenye kigoda uani kwa Mansukh, kioo kikiwa jichoni na nishani kiganjani. Watu waliokuwa kwenye mstari walidhani anatazama. Walingoja zamu yao kwa adabu karibu nusu saa.

Walimzika kwenye makaburi ya manispaa. Kijiti chake kilikuwa na namba 614. Watiri aliisoma namba ile akalia kwa sauti kubwa, akamtukana Gicheru kwa jina mbele ya padre, akamtukana Kingori, akaitukana sheria, akamtukana na baba yake kwa kwenda kukamatwa. Padre alingoja amalize, kisha akasoma sala. Alipotulia, Watiri aliona kwamba hasira haikuwa imepungua, ila alikuwa ameishiwa na watu wa kutukana.

Siku ya tatu alirudi makaburini na mkebe wa githeri, akaujaza udongo wa pale penye kijiti. Kisha akaenda Gura akajaza kiondo. Alichonga nta upya siku nne. Kwenye kisogo aliweka shamba lile lile, mstari kwa mstari. Kwenye uso, kwa kuwa hakuna aliyeagiza, aliweka mama yake, jicho moja likiwa wazi na la pili likiwa na kioo cha fundi saa. Akampelekea Hezekiah vyote viwili, nta na udongo.

"Nichuje?" Hezekiah akauliza.

"Usichuje, Baba Monicah."

Nishani ilitoka bila tundu hata moja. Hakukuwa na haja ya pacha.

Waliitazama. Kihara alikuwemo, akilima kama kawaida, na moshi ulitoka jioni. Wacera hakuwemo. Siku ya pili hakuwemo, ya tatu na ya nne vilevile. Lalita aliandika kwenye daftari kwamba pengine udongo wa makaburi ulikuwa mchache kuliko wa mtoni. Hezekiah hakukubali.

"Hiyo medali ni ndogo, lakini njia si ndogo," akasema. "Kutoka makaburi mpaka Gura, na miguu imevimba? Mpatie muda."

Siku ya tisa, yapata saa tano asubuhi, Watiri aliona kitu ukingoni mwa shaba, upande wa mto. Alikuwa mwanamke na kiondo mgongoni, ukamba wake ukimpita kipajini. Aliketi juu ya jiwe, akasugua magoti, akainuka, akapanda kidogo, akaketi tena. Watiri aliwaita wenzake. Mansukh alifunga duka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi ya dada yake. Ilimchukua Wacera mpaka saa nane kufika kwenye itoka. Kihara alikuwa amemwona mapema, akashuka, akasimama upande wake wa mpaka na kofia mkononi. Hawakukumbatiana, kwa maana watu wa rika lao hawakufanya hivyo mchana. Wacera alivuka mstari, akaupita ule ua ulioanguka, akageuka, akaunyooshea kidole. Maneno hayakusikika, lakini Kihara alitua jembe akaanza kuusimamisha ua.

"Ameanza," Watiri akasema, akacheka, kisha akakaa chini kwenye makaa yaliyopoa akalia tena, safari hii bila kumtukana mtu.

Kufikia Machi, masika yalipoanza, wote walikuwa wamezoea. Mtu akiwa na haja ya kujua hali ya hewa alikuja kwa Mansukh. Akiwa hana haja, alikuja tu kuwasalimu. Asubuhi moja Landrova ya Gicheru ilisimama mbele ya duka, injini ikiunguruma. Yeye mwenyewe akatoa kichwa dirishani.

"Watiri! Yangu nimeacha kule kiwandani. Kule kumenyesha?"

Watiri alikuja mlangoni na nishani ya mama yake kiganjani. Akaitazama.

"Kumenyesha. Kubwa."

"Asante." Gicheru aliweka gia, kisha akakumbuka jambo. "Nilimuona mama jana, kwa ile yangu. Ako na nguvu siku hizi. Alikuwa anapanda."

"Anapanda nini?"

"Maharagwe. Chini ya muiri." Alilisema bila ugomvi, kama mtu anayetoa habari za jirani. "Nikaenda hapo kwa shamba jioni nikaangalia. Hakuna kitu. Ni kahawa tu."

"Ni kahawa tu," Watiri akakubali.

Landrova ikaondoka mbio kuelekea Gura, kwa kuwa kulikuwa na kahawa ya kufunika, na shamba alilokuwa akiliwahi lilikuwa bado limeandikwa jina moja, lile la kwanza, lisilovunjwa. Watiri alirudi uani akaketi kwenye kigoda. Mvua ilikuwa ikianguka juu ya nishani, nzito na ya kutulia, na maji yalikuwa yameanza kusimama kati ya mistari midogo ya udongo uliolimwa. Alitoa kitambaa mfukoni, kama kawaida yake. Akakishika juu ya shaba. Kisha akakumbuka maharagwe, akakikunja, akakirudisha mfukoni, akachukua tupa.